Safari ya Shujaa: Historia ya Istilahi Moja na Filamu Zilizoieneza

Mfasiri mmoja alituletea rasimu ya mwongozo wa uandishi wa filamu, akaomba tumkagulie istilahi zake. Sura moja ya rasimu hiyo ilihusu filamu za Marekani za mashujaa wenye nguvu za ajabu, nayo ilipewa kichwa "Sheria za Safari ya Shujaa". Kila hatua ya safari hiyo ilianza kwa maneno "shujaa hana budi". Sarufi haikuwa na kasoro, na maneno yote yalikuwa ya Kiswahili sanifu. Hata hivyo hatukuweza kuipitisha. Muundo ambao wataalamu waliuona katika hadithi ulikuwa umefasiriwa kana kwamba ni amri waliyopewa watunzi. Tulipochunguza zaidi tuligundua kwamba kosa hilo si la mfasiri peke yake, kwani limo ndani ya historia ya istilahi yenyewe. Katika makala hii tunakusudia kuieleza historia hiyo kwa ufupi, kisha tupendekeze namna ya kuifasiri.

1. Asili ya dhana

Mwaka 1909 vilitokea vitabu viwili vilivyoweka msingi wa jambo hili. Huko Ufaransa, Arnold van Gennep alizichunguza mila za kumvusha mtu kutoka hali moja ya maisha hadi nyingine, akaona zina sehemu tatu: mtu hutengwa na wenzake, hukaa kwa muda kama aliye kizingitini, kisha hupokewa tena akiwa mtu mpya. Msomaji aliyekulia mahali penye jando na unyago hahitaji kufafanuliwa zaidi. Huko Vienna, Otto Rank alilinganisha hadithi za kuzaliwa kwa mashujaa, kama ile ya mtoto wa ukoo bora anayetupwa majini na kulelewa na watu wengine.

Mwaka 1928 Vladimir Propp wa Urusi alichambua ngano 100 za nchi yake, akaonyesha kwamba matendo ya wahusika yanaweza kupangwa katika aina 31. Mwaka 1936 Lord Raglan wa Uingereza alitoa orodha ya mambo 22 yanayojirudia katika maisha ya mashujaa wa jadi. Hatimaye, mwaka 1949, Mmarekani Joseph Campbell alitoa kitabu chake juu ya shujaa mwenye nyuso elfu. Aliigawa safari ya shujaa katika sehemu kuu tatu na hatua 17. Shujaa huitwa, pengine huukataa wito, huvuka kizingiti, humezwa kama aliyemo tumboni mwa nyangumi, hupita njia ya majaribu, hupata tunu, kisha huirudisha kwa watu wake. Muundo huo aliuita "monomithi", yaani kisasili kimoja, neno aliloliazima katika Finnegans Wake ya James Joyce.

Inafaa kuzingatia kwamba wataalamu hawa wote walizitazama mila au hadithi zilizokwisha kuwapo. Tofauti ni kwamba neno la Campbell lilibeba dai zito kuliko ya wenzake: kwamba chini ya hadithi zote ipo hadithi moja.

2. Shujaa wa ajabu kabla ya nadharia

Superman alitokea katika gazeti la hadithi za picha, Action Comics, mwaka 1938. Waliombuni ni vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster. Batman alifuata mwaka 1939. Kwa hiyo mashujaa hawa wawili walikwisha kuwapo miaka kumi au zaidi kabla ya kitabu cha Campbell, na haiwezekani kwamba walichongwa kwa kukifuata. Kinachowafananisha na mashujaa wa jadi ni kwamba watunzi wao walichota katika kisima kile kile cha masimulizi ya kale. Superman ni mtoto aliyewekwa katika chombo akasafirishwa mbali na maangamizi. Batman ni yatima aliyeshuhudia wazazi wake wakiuawa. Spider-Man, aliyebuniwa na Stan Lee na Steve Ditko mwaka 1962, naye ni yatima. Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na hakuna muhtasari mfupi zaidi wa hadithi hizi.

Filamu ya Superman ya mwaka 1978, iliyoongozwa na Richard Donner, inazionyesha hatua hizi waziwazi. Kijana analelewa na wakulima na baba mlezi anafariki. Ndipo kijana anakwenda kaskazini kwenye barafu, anafundishwa kwa miaka mingi na sauti ya baba yake mzazi, kisha anatokea mjini akiwa amekamilika. Ni jando kamili, ijapokuwa halina ngoma.

3. Maelezo yalivyogeuka kanuni

Mwaka 1977 ilitoka filamu ya Star Wars. Si filamu ya shujaa wa ajabu kwa maana halisi, lakini mtunzi wake, George Lucas, alieleza wazi kwamba alinufaika na maandishi ya Campbell. Mafanikio yake makubwa yaliwafanya watu wa biashara ya filamu wakitazame kitabu cha kitaaluma kwa jicho jipya. Mwaka 1985 Christopher Vogler, aliyekuwa akifanya kazi ya kupima hadithi katika kampuni ya Disney, aliandika waraka wa kurasa saba akiufupisha muundo wa Campbell kwa matumizi ya wenzake. Mwaka 1992 akautanua ukawa kitabu kwa ajili ya waandishi, na hatua 17 zikawa 12.

Hapa ndipo istilahi ilipobadili kazi bila kubadili sura. Vogler mwenyewe alihadharisha kwamba muundo usifuatwe kwa ukaidi, lakini orodha fupi ikishapita mikononi mwa wengi huwa sheria. Kilichokuwa kioo kikawa kalibu.

Zipo filamu nzuri ambazo safari hii inaonekana ndani yake. Katika Spider-Man ya mwaka 2002, Peter Parker anapata nguvu, anazitumia kutafuta fedha, na anamwacha mwizi apite. Mwizi huyo huyo anamuua ami yake aliyemlea. Katika Black Panther ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Ryan Coogler, T'Challa anatupwa kutoka maporomoko ya maji, anahifadhiwa katika theluji kama maiti, anakutana na wahenga wake na kuwaambia kwamba walikosea, kisha anarudi na kuifungua nchi yake kwa walimwengu. Hapo marejeo yanawanufaisha watu wengine, kama Campbell alivyoeleza.

4. Mahali muundo unapopwaya

Pamoja na hayo, sehemu ya tatu ya safari ndiyo inayowashinda wengi wa mashujaa hawa. Kiswahili kinasema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini shujaa wa filamu za mfululizo haruhusiwi kurejea na kutulia, kwa kuwa filamu nyingine inamngoja. Tony Stark alianza safari yake katika Iron Man mwaka 2008, akaimaliza kwa kufa katika Avengers: Endgame mwaka 2019. Mwaka 1977 Robert Jewett na John Shelton Lawrence walieleza kwamba hadithi za Marekani zina muundo wao mahususi: mtu wa nje anaiokoa jamii iliyoshindwa kujiokoa, kisha anajitenga nayo. Maelezo hayo yanamfaa Batman kuliko ya Campbell.

Tukimpima Fumo Liyongo, ambaye utendi wake ulitungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, tutaona vivyo hivyo. Alifungwa, akatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, kisha akachomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe. Hakurudi na tunu yoyote. Alikufa amepiga goti na upinde mkononi. Je, tuseme hadithi yake ina kasoro? La hasha. Kipimo ndicho kisichomtosha.

5. Mapendekezo

Kwanza, "safari ya shujaa" itumike kwa muundo wa Campbell, na "monomithi" ibaki pale tu mwandishi anapojadili dai lake la kisasili kimoja. Pili, sehemu tatu ziitwe kuondoka, kufundwa na marejeo. "Kufundwa" linabeba maana ya kutengwa, kufunzwa na kugeuzwa mtu mpya, ambayo "mafunzo" hailibebi. Tatu, kwa wahusika hawa wa filamu tunapendekeza "shujaa wa ajabu". "Shujaa mkuu" huchanganywa na mhusika mkuu, na "shujaa wa miujiza" huingilia mambo ya mitume. Nne, mfasiri akumbuke kwamba "shujaa" halibagui mume na mke. Mwaka 1990 Maureen Murdock alilazimika kuandika kitabu kizima juu ya safari ya shujaa wa kike, kwa kuwa muundo wa Campbell ulimtazama zaidi mwanamume. Neno letu linaweza kuuficha upungufu huo, na pale unapojadiliwa hapana budi kuongeza "wa kike" au "wa kiume".

Mwisho, tulimrudishia mfasiri rasimu yake na sahihisho moja kubwa: kila "shujaa hana budi aondoke" igeuzwe kuwa "shujaa huondoka", na pale hadithi zinapotofautiana aongeze "aghalabu". Kiambishi hu- kinaeleza mazoea bila kuamuru. Mwanafunzi atakayeusoma mwongozo huo ataujua muundo huu, na bado atakuwa huru kumtunga shujaa asiyerudi. Wasomaji wenye maoni juu ya istilahi hizi wanakaribishwa kutuandikia.