Historia ya Air Inuit, Shirika la Wenye Nchi

Kaskazini ya jimbo la Québec, nchini Kanada, ipo nchi ya Wainuit iitwayo Nunavik. Vijiji vyake ni 14, vimejipanga ukingoni mwa bahari, kuanzia Kuujjuarapik kwenye Ghuba ya Hudson, kupanda hadi Ivujivik kwenye ncha ya juu kabisa, kisha kuteremka hadi Kangiqsualujjuaq kwenye Ghuba ya Ungava. Hakuna barabara itokayo huko kwenda kusini, wala ya kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Meli za mizigo huingia kiangazi tu, barafu ikishafunguka. Ndiyo maana historia ya ndege, katika nchi hii, ni historia ya nani anayeamua watu waende wapi na warudi lini.

Zamani uamuzi huo haukuwa mikononi mwa Wainuit. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilijenga uwanja wa ndege Fort Chimo kwa ajili ya safari za kwenda Ulaya, na baadaye watu wakahamia kando ya uwanja huo. Leo pale ni Kuujjuaq, mji mkubwa kuliko yote ya Nunavik. Mwaka 1950 ikaja meli ya serikali, C.D. Howe, yenye mashine ya eksirei. Aliyeonekana ana kifua kikuu alipelekwa hospitali za kusini, na wapo ambao jamaa zao hawakuambiwa hata kaburi liko wapi. Mwaka 1953 familia kutoka Inukjuak zilihamishwa hadi Grise Fiord na Resolute, mbali kabisa kaskazini, wakaachwa katika giza la miezi kadhaa ambalo hawakulizoea. Serikali ya Kanada iliomba radhi mwaka 2010.

Wa kwanza kuigeuza habari hii alikuwa Johnny May wa Kuujjuaq, rubani wa kwanza wa Kiinuit huko Nunavik. Kuanzia 1965, kila Krismasi, alipita juu ya mji akiwamwagia watu peremende na nguo kutoka angani, na desturi hiyo akaidumisha kwa zaidi ya miaka 50.

Kisha likaja jambo la mito. Mwaka 1971 Waziri Mkuu wa Québec, Robert Bourassa, alitangaza mradi wa mabwawa ya umeme ya James Bay bila kuwauliza Wacree wala Wainuit wanaoishi huko. Wakaenda mahakamani. Novemba 1973 Jaji Albert Malouf akaamuru kazi isimame. Haikupita hata wiki mbili, mahakama ya rufani ikairuhusu iendelee. Mwishowe pande zote zikapatana, na mkataba ukatiwa saini tarehe 11 Novemba 1975: fidia ya dola milioni 225, ambapo Wainuit walipata takriban milioni 90, nao wakakubali madai yao ya asili juu ya ardhi yafutwe. Puvirnituq na Ivujivik walikataa kutia saini, na sioni haki ya kuwalaumu. Bei ile ilikuwa chungu.

Ili fedha hizo zisimamiwe, shirika la Makivik likaundwa mwaka 1978. Mwaka huohuo Makivik wakaanzisha Air Inuit kwa ndege moja ya Beaver, yenye injini moja. Wangeweza kununua majengo Montréal na kukusanya kodi. Wao wakanunua njia ya kutokea na kurudi nyumbani, na kwangu huo ndio uamuzi wenye busara kuliko yote waliyoyafanya kwa fedha zile.

Kazi ilikuwa ngumu. Beaver ilitua majini kwa maboya wakati wa kiangazi, na juu ya barafu kwa skii wakati wa baridi. Baina ya majira hayo, barafu inapoganda au kuvunjika, si boya wala skii iliyofaa. Nafuu ilikuja serikali zilipojenga viwanja vya changarawe, kazi iliyoendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zikaja Twin Otter za abiria 19, kisha Dash 8, ndege za ukoo uleule wa Q400 ambazo Air Tanzania ilizipokea mwaka 2016. Zikaja na Boeing 737-200, zilizofungwa bamba kwenye gurudumu la mbele na vibomba vya kupuliza hewa mbele ya injini, zisije zikanyonya kokoto. Ndani yake kulikuwa na ukuta uliosogezwa: mizigo mbele, abiria nyuma.

Ndege peke yake haikutibu kila jeraha. Kwa miaka mingi wajawazito waliendelea kusafirishwa kwenda kusini, wakajifungua kati ya wageni. Mwaka 1986 wanawake wa Puvirnituq walifanikiwa kufunguliwa nyumba ya uzazi hapohapo kwao, na wakunga wa Kiinuit wakafunzwa kuiendesha. Nafurahi kwamba katika jambo hili ushindi ulikuwa kutopanda ndege. Na marubani wengi wa Air Inuit bado hutoka kusini, ingawa Melissa Haney, Muinuit, amefikia cheo cha kapteni katika shirika hilo, mwanamke wa kwanza wa watu wake kufika hapo.

Mwaka 1990 Makivik walinunua pia First Air, shirika kubwa lililohudumia Aktiki. Mwaka 2019 likaunganishwa na Canadian North, mali ya Wainuvialuit, Wainuit wa magharibi. Mwaka 2025 wamiliki wake wakaliuza kwa Exchange Income Corporation, kampuni ya Winnipeg, kwa takriban dola milioni 205. Air Inuit haikuwemo katika mauzo hayo.