Degedege na Dawa za Malaria: Tulikotoka na Tulipo

Leo tutazame safari ya tiba ya degedege, ugonjwa uliowaliza wazazi wetu na nyanya zetu.

Hapo zamani, mtoto mwenye homa alipokakamaa, macho yakageuka na mikono ikatikisika, wazee wa pwani walisema amepitiwa na dege. Kule Kilifi wengi huita nyuni, yaani ndege. Basi alifukizwa, akavishwa hirizi. Wengine walionywa kuwa mtoto wa degedege akidungwa sindano atakufa. Wazee hawakukosea walichokiona. Ila hawakuweza kuviona vimelea vya malaria ndani ya damu.

Dawa ya kwanza ya kisasa ilikuwa kwinini, iliyotolewa kwenye magome ya mti wa Amerika ya Kusini. Wanasayansi wa Ufaransa waliitenga mwaka wa 1820. Baadaye ikaja klorokwini, ile chungu iliyowawasha wengi mwili mzima. Ilikuwa rahisi na iliokoa watoto wengi. Lakini kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, vimelea hapa Kenya vilianza kuizoea. Mtoto alimeza dawa, homa ikashuka kidogo, kisha ikarudi na degedege.

Mwaka wa 1998 serikali iliweka SP mahali pa klorokwini. Nayo haikudumu. Mwaka wa 2004 ikachaguliwa AL, ambayo wengi huiita Coartem, ikaanza kutolewa katika vituo vya afya mwaka wa 2006. Asili yake ni mmea wa Uchina. Mama aliyeongoza ugunduzi huo, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015.

Kwa malaria kali, kwinini ya dripu iliendelea kutumika. Shida ni kwamba inaweza kushusha sukari ya damu, na sukari ikishuka mno mtoto hupata degedege. Mwaka wa 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo. Waliotibiwa kwa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliodungwa artesuneti, asilimia 8.5. Tena degedege wodini ilipungua. Kwa hivyo mama, sindano ile iliyoogopwa ndiyo inayookoa.

Historia hii inatufunza nini? Kwanza, dawa huharibika tukiitumia ovyo. Dalili za vimelea kuizoea dawa ya sasa zimeshaonekana Rwanda na Uganda. Mtoto apimwe damu kwanza, kwani si kila homa ni malaria. Akipewa AL, amalize dozi zote 6 kwa siku 3, hata akianza kucheza.

Pili, mtoto akishikwa na degedege, mlaze ubavu mahali salama. Usimtie kijiko, maji wala dawa mdomoni. Usimshikilie kwa nguvu. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama degedege imekoma na amelala. Ubani hautaua vimelea, na kila saa inayopita vinazidi.

Cha kuchelewa hakina dawa.