Kopo Lililofichwa na Magazeti Yaliyolifichua

Tarehe 1 Mei 2000, Rais Bill Clinton alitangaza kwamba Marekani ingeacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya satelaiti za GPS yanayotumiwa na raia. Vifaa vilivyokuwa vikikosea kwa mita zipatazo 100 vikawa sahihi karibu mara kumi zaidi. Siku mbili baadaye, Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, jimboni Oregon, nusu yake ikiwa imefukiwa ardhini. Ndani aliweka kopo la maharage, vitabu na vikorokoro vingine, kisha akatangaza latitudo na longitudo ya mahali hapo kwenye intaneti. Atakayeiona achukue kitu, aache kitu, na aandike jina lake daftarini. Hivyo ndivyo ulivyoanza mchezo wa jiokashi, ambao umesambaa katika nchi zaidi ya 190. Satelaiti ziliuwezesha, lakini mkunga wake alikuwa mwandishi wa habari. Jeremy Irish alipofungua tovuti ya mchezo huo Septemba 2000, makopo (yaani vyombo vilivyofichwa na wachezaji) yaliyojulikana dunia nzima yalikuwa 75 tu. Mwezi huohuo Slashdot, tovuti ya habari za teknolojia, ikaueleza. Oktoba ikafuata New York Times, na Desemba CNN. Kufikia Machi 2010 makopo yalikuwa yamepita milioni moja. Ni kweli kwamba bei za vifaa zilishuka na simu zikaanza kubeba GPS, ila mtu hanunui kifaa kwa ajili ya mchezo ambao hajausikia. Tena jambo hili lilikuwa na mfano wake. Mwaka 1854 James Perrott aliacha chupa ya kuwekea kadi za wageni huko Cranmere Pool, katika nyika za Dartmoor, Uingereza. Mchezo uliotokana na chupa hiyo ulibaki wa kienyeji kwa zaidi ya karne, hadi makala ya jarida la Smithsonian ya Aprili 1998 ilipouvusha bahari ukaota mizizi Marekani.

Habari za miaka ya mwanzo zilifanana mno. Mwandishi anafuatana na familia msituni, anakistaajabia kifaa, mtoto anapata mwanasesere wa plastiki, na habari imekwisha. Baada ya Septemba 11, 2001, ikaja sura ya pili: chombo kisichojulikana, polisi, barabara kufungwa. Mfano unaokumbukwa sana ni wa Wetherby, Uingereza, Julai 2011. Kisanduku kilichofichwa nje ya mkahawa kilizua taharuki, watu wakaondolewa, na wataalamu wa mabomu wa jeshi wakakilipua. Hakikuwa na baruti hata chembe. Wachezaji hulalamika kwamba sura hii ya pili inawachafulia jina, na wanaipenda ile ya kwanza. Mimi naona zote mbili zina upungufu uleule. Moja inashangaa, nyingine inaogopa, na hakuna inayouliza swali lenye uzito: mwenye mahali hapo alitoa ruhusa?

Ukifuatilia migogoro mikubwa ya mchezo huu utaikuta ruhusa kila mara. Kanuni za hifadhi za taifa za Marekani zinakataza kuacha mali bila mwangalizi kwa zaidi ya saa 24, kwa hiyo kopo la kukaa miaka halikuwa na nafasi humo. Suluhisho lilipatikana 2004 kwa kushirikiana na Chama cha Jiolojia cha Marekani: mchezaji anapelekwa kwenye mwamba au chemchemi kujifunza, bila kopo lolote. Mwaka 2005, Baraza la Wawakilishi la South Carolina lilipitisha muswada wa kuzuia mchezo huu makaburini na kwenye maeneo ya kihistoria bila idhini, lakini Seneti haikuukamilisha. Kanuni za mchezo wenyewe leo zinadai idhini ya mwenye ardhi na zinakataza kuchimba bila ruhusa yake ya wazi, kipimo ambacho ndoo ya Ulmer isingekipita.

Kuna atakayesema kwamba gazeti haliwezi kunyamaza jeshi likishuka mtaani. Sawa kabisa, mwenye duka aliyefungiwa biashara asubuhi nzima ana haki ya kujua sababu. Lakini kueleza sababu si kusema tu kwamba lilikuwa kopo la mchezo. Sababu ni kwamba mtu aliliweka mahali pa watu bila wahusika kujua. Wengine watasema lawama yote ni ya waandishi. Hapana. Wachezaji wameufanya usiri kuwa utamu wa mchezo, na mtu anayepapasa chini ya daraja huku akitazama huku na huku hawezi kumlaumu jirani aliyepiga simu polisi. Hata msiba wa Prague wa Juni 2018, ambapo wachezaji wawili walikufa baada ya mvua kubwa kujaza maji kwenye mfereji wa chini ya ardhi, unaeleweka vizuri zaidi tukiuliza nani anaruhusiwa kuingia humo na nani huzuia, kuliko tukiulaumu mchezo.

Basi mhariri akiletewa tena habari ya kopo lililolipuliwa, amtume mwandishi wake kwa mwenye mahali hapo kabla ya kwenda kwa polisi.