Vazi la usiku: historia iliyo nyuma ya kambi za Halloween katika bustani za wanyama

Kila mwezi Oktoba, bustani kadhaa za wanyama nchini Marekani huwakaribisha watoto kulala humo usiku, wakiongozwa na wafanyakazi waliovaa kama bundi, popo au wachawi. Ni mchezo wa kufurahisha, lakini historia ya mavazi katika bustani hizo ina ukurasa mchungu, na ukurasa huo unaanzia Kongo.

Jua likishatua, milango hufungwa na wageni wa mchana huondoka. Watoto waliobaki hutandika mifuko yao ya kulalia ndani ya ukumbi au katika mahema, kisha hutembezwa gizani kwa makundi madogo. Anayewaongoza huwa amevaa mabawa ya kitambaa na kushika kurunzi, mara nyingi ya mwanga mwekundu, ambao hauwashtui sana wanyama wa usiku. Mfanyakazi huyo ana majukumu mawili kwa wakati mmoja: kumfurahisha mtoto aliyekuja kutishwa kidogo, na kumlinda mnyama asitishwe hata kidogo.

Kuelewa jinsi majukumu hayo mawili yalivyokutana, hatuna budi kurudi nyuma.

Kutoka Ireland hadi Marekani

Sikukuu ya Halloween, inayoadhimishwa tarehe 31 Oktoba, inahusishwa na Samhain, sherehe ya kale ya Wakelti iliyoashiria mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya baridi. Iliaminika kwamba usiku huo mizimu huwa karibu na walio hai. Kanisa nalo liliiweka sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na mkesha wake ndio uliozaa jina la Halloween. Huko Ireland na Uskoti, vijana walijifunika nyuso na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba chakula.

Njaa kuu iliyoikumba Ireland kati ya mwaka 1845 na 1852 iliua watu wapatao milioni 1, na wengine wasiopungua idadi hiyo waliihama nchi. Wengi walivuka bahari hadi Marekani wakiwa na desturi zao. Kwao walikuwa wakichonga taa kutokana na mboga za mizizi. Ugenini walikuta maboga, makubwa zaidi na mepesi kuchongwa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Halloween ilikuwa imekwisha kuwa sikukuu ya watoto wa Marekani nzima.

Wakati desturi hiyo ikiota mizizi, bustani za wanyama nazo zilikuwa zikichipuka. Ile ya London ilifunguliwa mwaka 1828, na ya Philadelphia mwaka 1874. Lakini katika zama hizo, si wanyama peke yao waliowekwa mbele ya watazamaji.

Binadamu ndani ya kizimba

Mwaka huo huo wa 1874, mfanyabiashara wa wanyama wa Ujerumani, Carl Hagenbeck, aliwaonyesha Wasami kutoka kaskazini mwa Ulaya pamoja na kulungu wao wa nchi za baridi. Walitakiwa kuvaa mavazi ya kwao na kuishi maisha yao ya kila siku mbele ya umati. Maonyesho hayo yaliingiza fedha nyingi, na yaliigwa katika miji mingi ya Ulaya na Marekani.

Mwaka 1904, kijana wa Kimbuti aliyejulikana kwa jina la Ota Benga alitolewa Kongo, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, akapelekwa kwenye maonyesho ya dunia mjini St. Louis. Aliyemchukua alikuwa Mmarekani Samuel Verner. Miaka miwili baadaye, Septemba 1906, Ota Benga aliwekwa katika banda la nyani la bustani ya Bronx, New York, pamoja na orangutangu. Alipewa upinde na mishale, na ubao ukaelezea umri, urefu na uzito wake. Maelfu ya watu walifika kumtazama. Meno yake yaliyochongwa kwa desturi ya kwao yaligeuzwa kichekesho.

Wachungaji weusi wa Kibaptisti, wakiongozwa na James Gordon, walipinga vikali. Mwishoni mwa mwezi huo, Ota Benga aliondolewa na kupelekwa katika kituo cha yatima alichokisimamia Gordon huko Brooklyn. Baadaye aliishi Lynchburg, Virginia, ambako alifanya kazi katika kiwanda cha tumbaku huku akitamani kurejea Kongo. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, safari za baharini zilivurugika na matumaini yake yakafifia. Tarehe 20 Machi 1916 alijipiga risasi na kufa. Ilichukua zaidi ya karne moja, hadi Julai 2020, kwa shirika linaloendesha bustani ya Bronx kuomba radhi hadharani.

Leo, bustani hiyo hiyo huandaa sherehe za Halloween, na familia huja zimevaa mavazi ya kila namna. Anayevaa huvaa kwa hiari yake, na jioni huvua akarudi kwake. Ota Benga hakuwa na uhuru huo.

Vazi kwa ajili ya mnyama

Katika karne ya 20 mtazamo ulianza kubadilika, na vazi likapata kazi mpya. Mwaka 1941, korongo weupe wakubwa wa Amerika ya Kaskazini walibaki kama 20 tu porini. Wataalamu walianza kuangua mayai na kulea vifaranga, lakini likazuka tatizo: kifaranga humfuata yule anayemlea na kumdhania kuwa mzazi wake. Korongo aliyezoea sura ya binadamu hawezi kuishi salama porini.

Miaka ya 1980, mtafiti Robert Horwich alijaribu njia ya walezi kujifunika joho, kuficha uso na kumlisha kifaranga kwa kikaragosi chenye kichwa cha korongo, bila kutamka neno. Kuanzia mwaka 2001, marubani waliovaa majoho hayo waliongoza korongo wachanga kwa ndege ndogo nyepesi kutoka Wisconsin hadi Florida, safari ya takribani kilomita 2,000.

Hata hivyo, njia hiyo ilikuwa na mipaka yake. Ilibainika kwamba ndege waliolelewa na walezi waliojifunika hawakufanikiwa vya kutosha kulea makinda yao wenyewe, na safari hizo zikasitishwa mwaka 2016. Vazi liliweza kumficha binadamu, lakini halikuweza kumfanya awe korongo. Pamoja na hayo, idadi ya ndege hao, wakiwamo wanaofugwa, sasa imepita 800.

Somo kwamba mnyama naye anatazama lilidhihirika pia nchini Uingereza. Mwaka 2013, bustani ya burudani ya Chessington, karibu na London, iliwakataza wageni kuingia eneo la wanyama wakiwa na nguo zenye mistari ya pundamilia au madoa ya chui. Sababu iliyotolewa ni kwamba wanyama walikuwa wakichanganyikiwa: baadhi waliwasogelea wavaaji, wengine waliwakimbia.

Ndiyo maana katika kambi hizi za usiku, anayeelewa kazi yake huweka utulivu wa mnyama mbele ya kelele za sherehe. Wanyama nao hupata sehemu yao: katika bustani ya Oregon mjini Portland, tangu mwaka 1999 tembo hupewa maboga makubwa wayapasue kwa miguu na kuyala.

Na pengine kazi kubwa ya usiku huo ni kuondoa hofu. Bundi na popo hutumika kama mapambo ya kutisha wakati wa Halloween, kama vile katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki mlio wa bundi juu ya paa huchukuliwa kuwa dalili ya msiba. Kumbe bundi anawinda panya wanaokula nafaka, na popo wengi hula wadudu. Mtoto aliyekuja kutishwa akiondoka amelijua hilo, vazi litakuwa limefanya kazi njema. Katika bustani za wanyama, haikuwa hivyo siku zote.