Tepu ya fundi na hesabu ya wanamaji

Juzi niliandika kiprogramu cha JavaScript cha kukadiria mafuta mwilini kwa tepu ya fundi wa nguo. Shingo yangu sm 38, tumbo usawa wa kitovu sm 90, kimo sm 172. Jibu: asilimia 10.8! Nilifurahi, ila kitambi hakikukubaliana. Nikaanza kuchimba hesabu hii ilitoka wapi.

Mwaka 1942 Albert Behnke, daktari wa jeshi la wanamaji la Marekani, aliwapima uzito ndani ya maji wachezaji 25 wa kulipwa wa kandanda ya Kimarekani. Kwa majedwali ya kimo na uzito, 17 kati yao hawakufaa jeshini kwa unene. Maji yalisema vingine: mafuta huelea, misuli huzama, na wengi wao walikuwa misuli tu.

Lakini nani atabeba tangi la maji kila kambi? Mwaka 1984 Hodgdon na Beckett, watafiti wa wanamaji hao kule San Diego, walilinganisha tepu na vipimo vya majini, wakapata fomula: logi ya tumbo ukitoa shingo, na logi ya kimo. (Kwa wanawake huongezwa nyonga.) Hukosea kwa pointi 3 au 4 hivi, juu au chini.

Yangu ilikosea zaidi. Wao walitumia logi ya 10, ile ya majedwali ya sekondari, Math.log ya JavaScript ni logi asilia. Nikaandika Math.log10, nikabonyeza tena. Asilimia 21.2.