Injini Bila Kamshafti: Hivi Ndivyo Sumaku Hufungua Valvu, na Hapa Ndipo Noma Iko

Unajua ile stori ya mkanda wa taiming kukatika: pistoni inagonga valvu, halafu fundi anakuitisha doo ni kama unanunua ndai ingine. Kazi ya huo mkanda ni kuzungusha kamshafti, ile chuma yenye manundu inayosukuma valvu zifunguke. Shida ni kwamba manundu yakishachongwa yamechongwa. Uko jam ama unapaa Thika Road, umbo ni lile lile. Hata VVT-i ya Toyota husogeza tu wakati wa kufungua.

Sasa, mbona isitolewe kabisa?

Inafanyaje kazi?

Kila valvu hupewa springi mbili na sumaku za umeme mbili, moja juu, moja chini. Katikati kuna bamba la chuma linalosukuma valvu. Sumaku ya juu ikilishika, valvu imefungwa. Kompyuta ikikata stima hapo, springi inarusha bamba chini na sumaku ya chini inalidaka. Valvu iko wazi! Hiyo safari huchukua kama milisekunde 3 au 4. Injini ikiwa kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 50 kwa sekunde.

Faida? Kila valvu inafunguka saa yake, na unaweza kuokoa mafuta.

Noma ni kutua

Bamba likikaribia sumaku, nguvu hupanda ghafla. Nafasi ikipungua nusu, mvuto huwa karibu mara nne. Stima ikizidi, bamba linagonga kama nyundo: kelele, na vyuma vinachakaa. Ikipungua, sumaku inakosa kudaka na valvu inabaki nusu wazi. Pistoni nayo inakuja! Umerudi pale pale pa mkanda kukatika.

Wahandisi hutaka bamba litue polepole sana, karibu mita 0.1 kwa sekunde. Kwa hivyo sensa hupima bamba liko wapi, na kompyuta hurekebisha stima likiwa bado njiani. Presha ya moshi kwa silinda nayo hubadilika kila saa, so kompyuta hujifunza kutoka kwa makosa ya mzunguko uliopita.

Koenigsegg ya Sweden ilipoonyesha Gemera mwaka 2020 ikiwa na injini bila kamshafti, valvu zake zilitumia presha ya hewa na oili, si sumaku.

Wewe kwa sasa, badilisha mkanda mapema.