Farumi katika boti za kuteleza mawimbini
Farumi katika boti hizi ni uzito unaopakiwa makusudi ili boti ndogo itoe wimbi kubwa nyuma yake, ambalo mchezaji huteleza juu yake kwa ubao bila kushika kamba. Mchezo huu umeenea sana katika maziwa ya Marekani.

Boti nzito huzama zaidi na kusukuma maji mengi, hivyo wimbi huinuka. Farumi ya kawaida ni mifuko ya plastiki ngumu inayojazwa maji ya ziwa kwa pampu. Lita 400 huongeza takriban kilo 400. Sehemu kubwa huwekwa tezi, upande anaoteleza mchezaji, ili wimbi la upande huo lipande na kuwa laini. Kiasi kidogo huwekwa omo ili kulirefusha. Mwendo unaofaa ni kama kilomita 16 hadi 19 kwa saa.

Farumi huhesabiwa pamoja na abiria katika kikomo cha uzito wa boti. Boti yenye injini ya kufungwa nyuma haifai kabisa, kwani rafadha yake inaweza kumkata mchezaji. Maji humwagwa kabla ya kuhamia ziwa jingine, yasieneze kome vamizi.